Ligi Ambayo Sijaiona Hata Dakika Moja

Elerai, Alhamisi alasiri

Naserian mwanangu,

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako ili uisome ukirudi kutoka Themi kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko sokoni. Mimi nimekaa kibandani kwangu pa kuonyeshea mpira, tivii zote mbili nimezizima, na mabenchi wanayogombania watu kila Jumamosi leo ni yangu peke yangu. Kesho asubuhi unapanda basi la Mbeya, kisha Tunduma, kisha unavuka mpaka hadi Kitwe, Zambia, kwenda kucheza mpira wa kulipwa. Mambo ya chakula, ya sweta, ya kutoitoa pasipoti ovyo, mama yako ameshayasema mara tatu na kuyaandika juu. Huko sina la kuongeza.

Nataka kuzungumza nawe juu ya Jumapili. Nitaisimulia kana kwamba hukuwepo, kwa sababu nataka ujue kwamba niliona kila kitu.

Tulikuwa uani kwetu, mchungaji ameshaomba, pilau imeshaliwa. Wazee wakaanza kukubariki mmoja mmoja kama tunavyofanya sisi Waarusha mtoto anapoondoka, kila mtu anasema neno lake na wengine wanaitikia "Naai". Baba yako mkubwa alisema. Bibi yako alisema, akakutemea mate ya baraka kichwani, nawe ukainamisha shingo kama mtoto mdogo. Kocha Lomayani, aliyekufundisha mpira tangu ukiwa darasa la sita, alisema naye, tena vizuri. Mimi nikabaki wa mwisho, maana neno la baba ndilo linalofunga. Nikasimama. Nikaona watu wote wananitazama, na nikafanya kile ninachowafanyia wateja wangu kila wiki. Nikasema, "Tumwombee asikawie huko, maana ligi yenyewe hata mimi mwenye tivii mbili sijawahi kuiona." Watu wakacheka. Nami nikaketi, nimefurahi kwamba wamecheka. Hakuna aliyeitikia Naai kwa sababu hapakuwa na cha kuitikia.

Wewe hukucheka. Ulikusanya masufuria ukaenda kuyaosha, ingawa wasichana wa kuosha walikuwepo wanne. Tangu siku hiyo unaniamkia "Shikamoo, Mzee." Miaka yote nimekuwa Baba. Nimeitikia marahaba na kujifanya sijasikia tofauti, lakini nimeisikia kila asubuhi na inaniuma.

Jumatatu bibi yako aliniita kwake. Hakunikaribisha kiti. Alisema, "Mimi mpira siujui. Lakini wote wametoa baraka, wewe umetoa kichekesho. Unataka mtoto aondoke na kichekesho cha baba yake?" Nilijaribu kumweleza kwamba huwa tunataniana hivyo, kwamba wewe umeshazoea. Akageuka kuendelea kuchambua maharage yake, na mimi nikarudi nyumbani bila kuagwa.

Basi nimekuwa nikifikiri, na mimi nikifikiri lazima nianzie kwenye mpira, kwa sababu ndiyo lugha niliyokulelea. Unaujua ule ubao wangu pale mlangoni. Kila msimu naandika ligi kwa chaki, kutoka ya juu mpaka ya chini: Uingereza, Hispania, Ujerumani, Italia, na kuendelea. Kwa Afrika naweka Misri, Moroko, Afrika Kusini, halafu sisi, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia, mpaka kuna jamaa alihama kibanda mwezi mzima kwa sababu niliishusha Ureno chini ya Ufaransa. Nimejipatia sifa mtaa mzima kwa ubao ule. Mechi zikigongana, tivii kubwa inakwenda Ulaya na ile ndogo ya pembeni, isiyo na sauti, inabaki na ligi yetu. Isipokuwa siku wale wakubwa wawili wa Dar wanapokutana, maana siku hiyo nikikataa watanichomea kibanda. Na ligi ya wanawake, uliyoicheza wewe hapa Arusha misimu miwili, nimeionyesha mara ngapi? Unajua jibu kuliko mimi.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili ukanivuta twende uwanjani mjini, tukaangalie mechi ya ligi kuu kwa macho? Nilikwenda nikinung'unika. Tulikaa chini kabisa, karibu na mstari. Nikamwona winga mmoja, kijana ambaye kwenye tivii yangu ndogo nilikuwa namwita mzee wa kanisa kwa jinsi alivyoonekana mzito. Alipita mbele yetu na mpira, na nikasikia viatu vyake vikipiga ardhi, nikasikia na pumzi. Beki aliyemfuata alikuwa na kasi hiyohiyo. Sikuwahi kukimbia vile maisha yangu yote, na mimi niliwahi kuitwa mwepesi. Ulinigeukia ukauliza, "Umeona, Baba?" Nikakujibu kwamba nimeona vumbi.

Nilikuwa nimeona. Nililala nikifikiria jambo hilo. Ulaya wana kamera kila kona, nyasi zimekatwa kama zulia, bao moja unarudishiwa mara sita kutoka pande sita. Sisi kamera iko juu ya paa, mbali, jua limeipiga usoni, na wachezaji wanaonekana kama watu wanaotafuta ufunguo uliopotea. Miaka yote nilikuwa napanga ubora wa kamera, nikidhani napanga ubora wa miguu. Ningekuambia siku ileile. Sikukuambia kwa sababu ningelazimika kufuta ubao.

Lakini sitakudanganya sasa ili nionekane nimetubu. Uingereza ni bora kuliko sisi, tena mbali. Kuna Jumamosi moja niliangalia tivii zote mbili kwa pamoja. Kwenye kubwa, beki alipokea mpira vibaya, ukamtoka hatua moja tu, na kabla hajageuka ulikuwa wavuni. Kwenye ndogo, beki wetu alifanya kosa lilelile. Mpira ukamtoka, akateleza, akaanguka, akainuka, na mpira bado ulikuwa palepale unamsubiri. Kibanda kizima kilicheka na mimi ndiye niliyeanza. Baadaye nikaona kwamba wote wawili wamekosea sawasawa. Tofauti ilikuwa muda unaopewa kabla ya kuadhibiwa. Ligi ngumu haikupi muda huo. Ligi nyepesi inakuachia urekebishe, na ukizoea kuachiwa unaanza kudhani hukukosea.

Mimi nimecheza maisha yangu kwenye ligi nyepesi, mwanangu. Kosa langu kubwa limechukua zaidi ya miaka ishirini kuadhibiwa. Sasa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hili sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote.

Unajua kwamba mimi na Lomayani tulicheza pamoja ujanani, mimi beki wa kushoto, yeye kiungo. Unajua pia kwamba niliwahi kwenda Dar kwenye timu kubwa, na kwamba goti ndilo lililonirudisha. Hiyo ndiyo hadithi uliyokua nayo. Ambacho hujui ni kwamba kabla ya Dar alikuja mzee mmoja kutoka Nairobi. Alivuka mpaka wa Namanga, akatuangalia mechi mbili, amesimama pembeni. Baada ya mechi ya pili akaniita mimi. Klabu yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ligi kuu ya Kenya na nafasi yangu ilikuwa imeandaliwa. Alisema nitacheza kila wiki.

Nikaanza kuuliza watu. Unajua sisi tulivyo, neno likifika kwenye kahawa na kashata linakuwa la wote. Wakaniambia ligi ya Kenya imeshuka, ya kwetu inapanda, mchezaji mzima hatoki juu kwenda chini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuangalia mechi moja ya Kenya, na mimi sikuwahi kuangalia. Wengine walikuwa hawajafika hata Longido, upande huu wa mpaka. Nilirudi kwa yule mzee nikamwambia nasubiri Dar. Akaniuliza kama nina uhakika. Kichwa kilikuwa kimenivimba, nikamjibu mbele ya timu nzima, na Lomayani akiwepo, "Mchukueni Lomayani. Yeye hana pa kwenda."

Wakamchukua. Nilimsindikiza stendi nikamtania mpaka basi linaondoka.

Dar ilikuja kweli, baada ya miezi saba. Ilikuwa timu kubwa, jezi nzuri, uwanja unajaa, na ligi ile niliyoipanga juu. Nilisugua benchi msimu mzima. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa bora kuliko mimi na hakuumwa hata mafua. Nilicheza mechi za kirafiki tatu na dakika chache za mwisho siku moja tunaongoza mabao manne. Mazoezini nilijifunza mengi, siwezi kukataa, lakini mtu anayefanya mazoezi tu anaanza kusahau mechi inavyoogopesha. Msimu ulipokwisha waliniita ofisini wakanishukuru. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Goti langu lilikuwa zima. Nilishuka basi Arusha nikitembea vizuri na begi begani. Nilipokaribia nyumbani nikawaona watu wamekaa kibarazani kwa baba yangu, wananisubiri, na mguu ukaanza kuchechemea wenyewe. Mtu akauliza, "Ni goti?" Nikasema ndiyo. Sikulipanga, nakuapia. Lakini lilipotoka sikulirudisha, na tangu siku hiyo nimekuwa mchezaji mkubwa aliyeangushwa na goti. Kila Juni baridi ya Meru ikishuka, mama yako ananichemshia maji na kunichua.

Nilimwambia juzi. Nilijiandaa kwa kelele. Aliendelea kukunja nguo zako kisha akasema, "Nilijua tangu mwaka wa pili wa ndoa. Kuna siku ulikuwa unachechemea kushoto, kuna siku kulia." Nikamuuliza kwa nini basi ameendelea kunichua. Akasema aliona ninapenda. Mama yako ana akili kuliko kibanda changu chote na watu wake.

Na Lomayani, ambaye alikuwa mzito wa kugeuka kuliko mimi, alicheza Kenya kila wiki, kwenye viwanja vyenye vipara na vingine vyenye tope. Alikosea mbele za watu, akazomewa, akacheza tena wiki iliyofuata. Akajifunza kuona mpira kabla haujamfikia. Alisafiri na timu akajuana na makocha wa Uganda na Zambia, akasomea ukocha, akarudi kufundisha watoto Makumira. Mmoja wa watoto hao ni wewe. Mkataba wako wa Kitwe umepatikana kwa sababu kuna kocha huko anayemwamini Lomayani tangu enzi hizo. Na huyu mtu, mwanangu, amekufundisha miaka yote hii na hajawahi kukuambia mimi nilisema nini siku ile.

Kwa hiyo umeshaelewa Jumapili ilikuwa nini. Sikuwa naicheka Zambia. Ningeichekaje, siijui. Lomayani alikuwa amemaliza kukubariki, watu wameitikia kwa sauti, na nikamwona anavyokutazama, kwa haki yake yote. Nikaona wivu. Nilikuwa namcheka Lomayani kama pale stendi, kwa mara ya pili, na safari hii nilikutumia wewe. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Huko uendako watakuuliza ligi ya kwenu ikoje. Watu wa mpira huuliza hivyo kila mahali kama wengine wanavyouliza hali ya hewa. Waeleze ulichokiona kwa macho yako na uishie hapo. Usiishushe Arusha ili wakupende, wala usiipandishe ili uwaogopeshe. Wiki za kwanza utaadhibiwa kwa makosa ambayo hapa ulikuwa unaachiwa, na pengine kuna mambo unayoyajua wewe ambayo huko hawayajui. Sijui ni yapi. Ukipiga simu nikakuuliza kiwango kikoje, usinijibu kwa kulinganisha, niambie tu ulicheza dakika ngapi na nani alikusumbua.

Najua pia kuna watu walikuambia ungesubiri Ulaya. Mimi nilikuwa wa kwanza. Lile jaribio la wiki mbili la Ulaya, lisilo na mkataba, nilitaka ulichukue, na nilikununia ulipolikataa. Nilisema unatupa bahati. Sasa nakuambia kwamba ulichagua kama mchezaji na mimi nilikuwa nachagua kama mtazamaji. Mtazamaji anataka ligi yenye kamera nyingi. Mchezaji anataka mahali atakapokutana kila wiki na mtu anayemzidi kidogo, na kesho yake akutane naye tena. Huenda Ulaya itakuja na huenda isije. Ikija, nenda ukiwa umechoka kucheza, usiende ukiwa umechoka kusubiri.

Na ukishindwa, rudi ukiwa umeshindwa. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Usije ukatafuta goti. Ukikatwa, njoo uniambie, "Baba, wamenikata, kuna aliyekuwa bora." Nitakuelewa kuliko mzazi yeyote Elerai hii. Tutakaa hapa kibandani tuzime tivii kama zilivyo sasa, ulie unavyotaka. Mimi sikulia, nilichechemea, na nimekaa na machozi yale mpaka uzee huu.

Jana nilikwenda Makumira. Lomayani alikuwa anapanga koni uwanjani, hajawaita watoto bado. Nilimwambia yote niliyokuandikia, nikamwomba radhi ya stendi na ya Jumapili. Aliendelea kupanga koni zake. Halafu akasema, "Nilidhani utakuja mapema zaidi." Nikamsaidia kupanga zilizobaki. Tulipomaliza nikamuuliza, kwa adabu safari hii, ligi ya wanawake ya Zambia ikoje hasa. Akafikiri kidogo akasema naye hajaiona vya kutosha. "Atatuambia mwenyewe," akasema.

Leo asubuhi nimewapigia simu wote waliokuwepo Jumapili. Nimewaomba waje saa kumi na moja alfajiri, kabla hatujakupeleka stendi. Wengine wamelalamika, baba yako mkubwa ameniuliza kama kuna msiba. Nimemwambia hakuna msiba, kuna neno langu lilibaki. Bibi yako hakuuliza kitu, amesema atakuwa amevaa mapema. Nataka wawepo wote waliocheka, asikosekane hata mmoja, kwa sababu siwezi kukucheka mbele ya watu halafu nikubariki kwa siri kwenye karatasi.

Nitasimama uani palepale. Nitawaambia kwamba goti langu halikuwahi kuumia. Nitawaambia ligi niliyoicheka sijaiona hata dakika moja, na kwamba binti yangu aliitwa akaitika, wakati mimi niliitwa nikauliza watu. Najua watanitazama vibaya na wengine watacheka tena. Safari hii wacha wanicheke mimi.

Halafu nitaweka mkono kichwani kwako na kusema neno la baba. Sitaliandika hapa, maana neno lile halisomwi, linasemwa na watu wanaitikia. Wao wataitikia, nawajua. Ila mimi nitakuwa nasikiliza sauti moja tu, yako, mwanangu. Kama umenisamehe, nikimaliza nawe itikia.

Baba yako